Siku ya Lori

"Mlimani watashughulika na chakula," alisema Désiré Tshibangu, na watu wa meza ya mbele wakaanza kucheka kabla hajaeleza sababu.

Papa Tharcisse Ngoy aliweka uma wake kando ya sahani, akaunyoosha ulingane na kisu kama mapadri walivyomfundisha utotoni, kisha akangoja kicheko kiishe. Hakikuisha upesi. Mkahawa ule wa mtaa wa Ixelles, huko Ubelgiji, ulikuwa umefurika wanachama wa Umoja wa Wanafunzi wa Zamani, kila mmoja na bukari yake, ule ugali wa kwao, na samaki wake, na kila basi lililopita nje lilitetemesha vioo vya madirisha pasipo mtu kugeuka kulitazama.

Umoja huo ulikusanya watu wa koleji mbili, shule za mapadri, nyumbani kwao Katanga. Moja ilikuwa katika mji wa migodi, nao waliiita Mjini. Ya pili ilikuwa juu kwenye uwanda wa nyasi, penye misheni na mashamba yake ya mahindi, nayo iliitwa Mlimani. Kila mwezi wa Mei, Jumapili ya pili, saa tatu asubuhi, wana na wajukuu wa koleji hizo walikutana katika uwanja mmoja wa mtaa wa Forest kucheza mpira, na kila mwaka Mjini walishinda. Walishinda Ubelgiji kama walivyoshinda Katanga. Hakuna aliyekumbuka mwaka ambao mambo yalikwenda vingine, kwa kuwa mwaka huo haukuwapo.

Tshibangu alikuwa mwenyekiti, naye alisoma Mjini. Alikuwa mtu wa sauti tamu na tumbo la kuheshimika, mwenye desturi ya kufuta midomo kwa kitambaa kabla ya kusema jambo la kuumiza. Alifuta sasa.

"Bon, mutusikilize muzuri. Mwaka huu Umoja unatimiza miaka cinquante, hamsini kamili. Jubilé si mchezo. Bantu ba ambassade, ba ubalozi, batakuja, na bourgmestre, meya ya hapa, tumemwalika. Donc siwezi kuwaonyesha mechi ya kuchekesha. Bandugu zetu ba Kivu beko na équipe ya nguvu. Batacheza na Mjini, après-midi, alasiri, fanfare ikipiga muziki. Mlimani batatusaidia na manger, na chakula. Kubeba, quand même, banajua!"

"Magunia yamefika!" mtu mmoja alipaza sauti kutoka karibu na mlango.

"Shusheni!" wakaitika wenzake, na meza zikapigwa kwa viganja.

Wimbo huo Papa Tharcisse aliujua kabla waimbaji wake hawajazaliwa. Aliusikia kwa mara ya kwanza akiwa golikipa wa Mlimani, miguu peku, mgongo ukiwa na michubuko ya magunia ya mahindi, na aliendelea kuusikia katika sherehe za ndoa, katika matanga, hata mlangoni pa kanisa. Akasimama. Alikuwa mrefu bado, na koti lake jeusi lilifungwa vifungo vyote.

"Désiré," alisema, "ni nani aliyekupa ruhusa ya kuifuta koleji yangu?"

"Kufuta? Papa Tharcisse, kaa kwanza. Hatufute muntu. Tunaipumzisha."

"Wanaopumzishwa ni wafu."

"Ah, sasa unakasirika!" Tshibangu aliwageukia watu kana kwamba anawaita wawe mashahidi. "Tuseme kweli, papa. Mulitushinda lini? Hata mara moja. Hata sare, match nul, hakuna! Jina ya Mlimani haiogopeshe muntu. Si mimi njo niliyeifanya hivyo. Ni uwanja."

"Si uwanja. Ni lori."

Vijana walitazamana, maana neno hilo hawakuwahi kulisikia likitajwa katika mambo ya mpira. Lakini wazee wawili watatu wa Mjini waliinamia sahani zao na kuanza kuchambua miba ya samaki kwa uangalifu mkubwa, na Papa Tharcisse aliwaona.

"Mnaimba Magunia wala hamjui gunia lenyewe," aliwaambia vijana. "Basi leo mtajua. Misheni yetu ilikuwa na lori moja. Lori hilo lilishuka mjini mara moja kwa mwaka, kupeleka mahindi baada ya mavuno. Padri mkaguzi wa shule aliona ni hasara kuliteremsha tena kwa ajili ya mpira, kwa hiyo akaipanga mechi siku ya lori. Ni nani aliyevuna mahindi? Sisi wanafunzi, juma zima. Ni nani aliyeyapakia? Sisi, Jumamosi kutwa. Kisha tulipanda juu ya magunia yale yale tukasafiri usiku kucha katika barabara ya mashimo. Jumapili asubuhi tuliingia Misa na njaa yetu, kwa sababu kabla ya komunyo hakuliwi. Tukatoka Misa tukashusha magunia. Tukatoka kwenye magunia tukaingia uwanjani. Na wenzetu je? Walikuwa wamelala vitandani mwao, wamesali Misa ya alfajiri, wamekunywa chai na mkate."

"Na mlikula mabao kumi!" akadakia yule wa mlangoni.

"Nyamaza, mwanangu, mtu mzima anasema." Hakupandisha sauti, lakini kijana alinyamaza. "Baada ya mechi ya kwanza padri mkaguzi alitoa sheria: mshindi hukaribisha. Atakayeshinda ndiye mwenyeji mwaka unaofuata, ndiye atakayetaja uwanja, siku na saa. Ilisikika kama haki tupu. Lakini mechi ile ya kwanza ilichezwa mjini kwa sababu lori lilikuwa linakwenda mjini. Mjini wakashinda, wakawa wenyeji, wakataja siku ya lori. Wakashinda tena, wakataja siku ya lori tena. Tulimaliza shule zetu hatujawaona hata siku moja wakipanda kuja kwetu. Na sheria hiyo mliifunga ndani ya mizigo yenu, mkavuka nayo hadi huku Ulaya, mkaitunza kama masalio ya mtakatifu. Haya, kila mwaka mnataja saa gani? Jumapili, saa tatu asubuhi. Joël, simama. Waambie Jumamosi usiku unakuwa wapi."

Joël, mtoto wa dada yake marehemu na kapteni wa Mlimani, alisimama nusu nusu, mkono mmoja ukishika kiti.

"Niko ku kazi, Tonton. Ku maison de repos. Nageuza wazee, nabadilisha mashuka. Natoka à sept heures, saa moja asubuhi."

"Na wenzako?"

"Karibu bote beko vile. Na bale ba usine, kiwanda ya magari, tangu ilifungwa, banafanya nettoyage, usafi ya usiku. Tunakutana ku tram, tunaenda uwanjani na macho mekundu."

"Lori halijaacha kutembea," alisema Papa Tharcisse. "Limebadilisha barabara tu."

Alidhani, kwa kosa la mtu aliyefundisha darasani miaka mingi, kwamba jambo likielezwa vizuri huwa limekwisha kueleweka. Tshibangu alifuta midomo.

"Papa Tharcisse," alisema kwa upole, "miaka soixante, sitini nzima, unapika hii excuse, na bado haijaiva!"

Mkahawa mzima ulipasuka kwa kicheko. Wako waliocheka hadi wakashika mbavu. Wako waliocheka kwa kuwa mwenyekiti amecheka. Papa Tharcisse alihisi damu ikimpanda kutoka kifuani hadi masikioni.

Hakuwa anajifikiria yeye. Alikuwa anamfikiria Bienaimé, rafiki yake, beki wa kati wa Mlimani, kijana aliyeucheza mpira kana kwamba umefungwa kwenye kifundo chake kwa uzi. Mwaka wao wa mwisho shuleni, watu wa kampuni ya madini walikuja kutafuta wachezaji wa klabu yao. Aliyepata nafasi klabuni alipewa nyumba na kazi ya ofisini. Walikuja kumtazama Bienaimé siku gani? Siku ya lori. Wakamwona akitembea uwanjani pale alipopaswa kukimbia, wakamwona akiinama na kutapika maji matupu karibu na kibendera cha kona, wakaandika kwamba kijana huyu ni mvivu. Nafasi ikaenda kwa mtu wa Mjini, ambaye kwa siri alimwambia Bienaimé kwamba anaona haya. Bienaimé akashuka chini ya ardhi na nyundo, na vumbi la chini lilimmaliza kabla hajaota mvi. Neno hilo moja, mvivu, lilimfuata kila mtu wa Mlimani kwenye kila mlango aliobisha, na waajiri walilitoa wapi? Uwanjani. Katika mechi moja kwa mwaka.

"Nipe mechi moja," alisema Papa Tharcisse. "Moja tu. Mlimani wawe wenyeji. Siku yetu, saa yetu, uwanja wetu."

"Sheria haisemi hivyo. Mshindi njo anakaribisha."

Hapo mwanamke mmoja aliyekaa karibu na dirisha alijikohoza. Alikuwa Émérance, mtu wa Kivu, mwamuzi mwenye leseni, aliyechezesha mechi za Umoja kwa miaka kadhaa kwa kuwa hakuwa wa koleji yoyote kati ya zile mbili.

"Papa président, na mimi niseme kidogo. Équipe yetu ya Kivu nimetumwa kuisemea. Tunashukuru kwa mwaliko. Lakini hatuwezi kwenda kukaa mu kiti ya mwenzetu na yeye angali ameikalia. Mumalize kwanza, nyinyi kwa nyinyi. Halafu mutuite."

Tshibangu alitazama huku na huku, akaona nyuso zimegeuka. Hakuwa mtu wa kuonekana ameogopa mbele za watu, na hasa mbele za watu wa Kivu.

"Bon!" alipiga kofi moja. "Chukua siku. Chukua saa. Chukua uwanja, papa, ukitaka chukua na jua! Mlimani ikaribishe, mara moja. Mukifungwa, jina inakufa, na siku ya jubilé munabeba masahani bila kununa."

"Na tusipofungwa?"

"Musipofungwa!" Alicheka. "Mutacheza jubilé nyinyi wenyewe."

"Na sheria?"

"Sheria ni ile ile ya mapadri. Mimi siguse vitu vya mapadri."

"Mmesikia wote," alisema Papa Tharcisse, akavaa kofia yake, akatoka bila kumalizia chakula, jambo ambalo katika maisha yake yote alikuwa hajalifanya.

Siku mbili baadaye Joël alikuja mtaa wa Ganshoren, katika nyumba ambayo Papa Tharcisse aliishi pamoja na binti yake Myriam. Mtaa ulikuwa kimya kama kawaida yake, na Myriam alikuwa jikoni akipiga pasi. Joël alikuwa anang'aa macho. Aliketi, akainama mbele, akashusha sauti kama mtu mwenye habari ya mali iliyofichwa.

"Tonton, nimepata siku. Graciella, binti ya Tshibangu, anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Mjini bote batakuwa ku harusi. Batakunywa, batacheza mpaka asubuhi, beki wao wa kati njo garçon d'honneur, msimamizi wa bwana harusi! Alors, sisi tunaomba permission ku kazi, tunalala. Halafu tunaweka mechi kesho yake, Jumapili, à neuf heures, saa tatu. Saa yao wenyewe! Bataingia uwanjani na viatu vya harusi."

Itakuwa uongo kusema kwamba Papa Tharcisse hakuliona jambo lile kwa macho ya moyo wake. Aliliona vizuri mno. Aliwaona watoto wa Mjini wakiyumba katika umande, mate yamekauka, tai zikining'inia mifukoni. Alimwona Tshibangu pembeni mwa uwanja na miwani myeusi, kichwa kikimgonga, akimeza aibu kijiko kwa kijiko. Aliona utamu wake, na kwa muda alipokuwa akiuona, kiganja chake kilifunguka juu ya meza kana kwamba kinapokea kitu.

Kisha kiganja hicho kikafumba, kikapiga meza kwa kishindo kilichorusha vikombe.

"Unataka nishike usukani wa lori?"

"Tonton..."

"Jibu! Unataka niwe mimi ninayelipakia?"

"Papa, majirani," alisema Myriam bila kuinua macho kwenye pasi. "Yule maman wa juu atashuka tena na ile sura yake."

"Na ashuke!" Lakini aliteremsha sauti, na sauti iliyoteremka ilikuwa kali zaidi. "Joël, miaka yote hii nimesema kwamba walitushinda kwa siku, si kwa mpira. Wameniita mzee wa visingizio. Mkiwashinda wakiwa wamelewa usingizi, mtakuwa mmethibitisha nini? Mtakuwa mmethibitisha kwamba mwenye kutaja siku ndiye mshindi, na hilo ndilo ninalolijua tangu nikiwa mtoto! Mimi sitaki kuwaona wamechoka. Nataka kuwaona wazima, wameshiba, wamepumzika, nami nituone sisi tukiwa hivyo hivyo. Sijawahi kuiona mechi hiyo. Hakuna mtu aliyewahi kuiona."

Joël alijikuna kichwa. "Na tukifungwa tukiwa tumelala?"

Swali hilo lilikuwa limelala kitanda kimoja na Papa Tharcisse tangu usiku wa mkahawani. Kama Mlimani waliopumzika wangefungwa, basi padri mkaguzi hakuwa na kosa, watu wa kampuni hawakuwa na kosa, na Bienaimé alikuwa mvivu tu.

"Tukifungwa," alisema, "nitabeba masahani mimi wa kwanza."

Akataja Jumamosi, saa tisa alasiri, wiki mbili kamili baada ya harusi, katika uwanja mdogo wa mtaa ule ule wa Ganshoren. Joël na wenzake walihangaika kubadilishana zamu na watu wa kazini. Mmoja alikubali kufanya sikukuu ya Pentekoste, mwingine aliahidi kumpikia mkuu wake pondu, mboga ya majani ya muhogo. Ijumaa jioni Papa Tharcisse alimpigia kila mchezaji simu, mmoja baada ya mwingine, kumuuliza kama amekula na kama amekwenda kulala, hata Joël akamwambia kwamba hakuna mtu anayeweza kulala ikiwa simu inalia.

Siku yenyewe manyunyu yalianguka asubuhi yakakoma adhuhuri. Mjini walifika kwa magari yao wakiwa na jezi mpya na ngoma, na Tshibangu katikati yao, ndani ya suti ya kijivu, akipungia mkono kushoto na kulia kama askofu siku ya kipaimara.

"Papa Tharcisse! Tumekuja kupokea mizigo!"

"Karibuni Mlimani," alijibu Papa Tharcisse. Yalikuwa maneno ambayo hakuna mtu wa koleji yake aliyewahi kupata nafasi ya kuyasema, na aliyasema kwa meno yaliyobana.

Émérance alipuliza filimbi, na Mlimani walianza kama watu waliosahau njia ya nyumbani. Walikuwa na nguvu wasizozizoea; pasi zao zilikwenda mbali kupita kiasi, waligongana wao kwa wao. Mpira ulipopotea katikati, mshambuliaji wa Mjini aliuokota, akampiga chenga Joël, akafunga bila haraka. Ngoma zikalia.

"Magunia yamefika!"

"Shusheni!"

Papa Tharcisse alisimama peke yake nyuma ya goli la Mlimani, mahali pa golikipa wa zamani, mikono nyuma. Alijiambia kwamba kama ni hivyo, basi ni hivyo, na mtu mnyofu hukubali hesabu hata ikimkataa.

Kipindi cha pili ndicho Mlimani walichokuwa wakifia siku zote. Kila aliyekuwa na umri wa kutosha uwanjani pale aliijua dakika yake: mtu wa kwanza anashika magoti, wa pili anakaa chini kufunga kamba ya kiatu ambayo haikufunguka, kisha mabao yanaanza kuingia moja moja kama watu wanaoingia kanisani. Watu wa Mjini waliingoja dakika hiyo. Wachezaji wao waliingoja pia. Walipunguza mwendo, kwa kuwa hawakuwahi kuhitaji kukimbia wakati kama huo.

Dakika haikufika. Watoto wa Mlimani waliendelea kukimbia. Walikimbia vibaya, bila mapambo, wakirudi, wakienda, wakirudi tena, na polepole, kama mtu anavyotambua kwamba saa ya ukutani imesimama, uwanja mzima ulitambua kwamba aliyeshika magoti ni beki wa Mjini.

"Muko nafanya nini?" Tshibangu alifoka kutoka pembeni. "Mukimbie! Ni Magunia tu bale!"

"Président, ingia wewe!" alimjibu mchezaji wake mmoja, akihema.

Bao lilipokuja halikuwa zuri. Kona ilipigwa, mpira ukagonga mgongo wa mtu, ukaanguka mbele ya Joël, naye akausukuma kwa goti, akaanguka juu yake, akaingia nao golini. Émérance alinyoosha mkono kuelekea katikati ya uwanja. Vijana wa Mlimani walirukiana, wakalia, wakamwangukia kapteni wao hadi akawa haonekani.

Myriam alimkimbilia baba yake nyuma ya goli ili amkumbatie, akasita. Uso wa mzee ulikuwa umejaa hasira kuliko siku zote alizomjua.

"Papa? Tumesawazisha!"

"Nimeona," alisema Papa Tharcisse. "Nimeona, mwanangu. Usiku mmoja wa kulala! Walihitaji usiku mmoja tu wa kulala!"

Maana wakati akiwa na shaka, hasira yake ilikuwa na mpaka. Sasa mpaka umeondolewa. Kumbe ilikuwa kweli, kweli tupu, tangu mwanzo. Kumbe Bienaimé angekimbia. Padri mkaguzi angeweza kusema mechi ichezwe kesho yake, na kuwapa watoto siku moja ya kupumzika mjini, isingemgharimu hata debe la mahindi. Hakusema. Na wale waliomfuata, watu wazima wenye akili zao, waliosoma, waliitunza sheria ile kwa heshima hadi hapa, na kwa heshima hiyo hiyo wakawaimbia watoto wa wenzao wimbo wa magunia. Alitaka kumtafuta mtu wa kumlaani na wote walikuwa makaburini, isipokuwa mmoja mwenye suti ya kijivu.

Filimbi ya mwisho ililia ikiwa bado bao moja kwa moja.

Watu walimwagika uwanjani. Mwanzo hawakujua la kufanya, kwa sababu sare ilikuwa kitu kigeni kwao. Hakuna aliyekuwa na wimbo wa sare. Ndipo mtu akauliza swali ambalo padri mkaguzi hakuliacha na jibu.

"Alors, jubilé nani anakaribisha? Nani anataja siku?"

"Mlimani hawajafungwa," alisema Joël. "Kucheza, tunacheza."

"Kucheza mucheze!" Tshibangu alikuwa amefika katikati, jasho likimtiririka ingawa hakuwa amecheza. "Lakini siku ni yetu! Hakuna mshindi leo, sivyo? Donc hakuna kitu inabadilika. Kama hakuna mshindi, mwenyeji anabaki mwenyeji! Njo sheria! Mwenyeji anabaki mwenyeji!"

Aliyasema kwa sauti kubwa, mara mbili, mbele ya wote, kwa mazoea ya mtu ambaye tangu ujana wake hakuwahi kuwa mgeni.

Émérance aliiondoa filimbi mdomoni.

"Papa président," alisema kwa adabu, "leo mwenyeji alikuwa nani?"

Tshibangu alitazama nyasi za Ganshoren, akatazama magoli ya Ganshoren, akatafuta kitambaa chake cha kufutia midomo, asikione. Kicheko kilianza upande wa Kivu, kikapita kwa Mlimani, na mwisho kikawakamata hata Mjini wenyewe.

"Saa kumi na moja alfajiri, Tonton!" alipiga kelele kijana mmoja wa Mlimani. "Mu baridi!"

"Lendemain, kesho yake ya Noeli!"

"Bashushe kwanza mahindi!"

Papa Tharcisse aliinua mkono, kama alivyokuwa akiuinua darasani, na kelele zikakatika. Alitembea hadi akasimama mbele ya Tshibangu, karibu kiasi cha kuisikia pumzi yake. Hakuwa amemsamehe. Hakuwa na nia ya kumsamehe jioni ile, wala hakudhani kwamba anadaiwa kufanya hivyo.

"Jumamosi," alisema. "Saa tisa alasiri. Hapa hapa. Ijumaa vijana wako wasifanye kazi, wasinywe, walale mapema, waamke wale washibe. Ukiwa na mmoja aliye na zamu ya usiku, nijulishe, nitaisogeza siku. Nasema nitaisogeza, Désiré, kwa ajili yake. Nakutaka ulete watu wazima, wenye nguvu zao zote. Tukiwafunga, na tutawafunga, nataka usiwe na lori la kulitaja."

Kwa sauti ndogo ambayo watu wa mkahawani wasingeitambua, Tshibangu akauliza:

"Na manger, papa? Siku ya jubilé. Nani atabeba?"

Papa Tharcisse alikuwa amekwisha kugeuka. Alifunga kifungo cha juu cha koti lake kabla ya kujibu.

"Kila mtu atabeba sahani yake."